Asali ya Walalamikaji

Shuleni wananiita Malalamiko. Jina lilianza kidato cha kwanza, siku mwalimu wa uraia alipotuuliza wazazi wetu wanafanya kazi gani. Nilisema mama yangu ni mwanasheria, kwa sauti ambayo hata mwenzangu wa dawatini hakuisikia vizuri. Mwalimu akauliza, wa mahakamani? Nikasema hapana, yuko ofisi inayopokea malalamiko ya wananchi juu ya watumishi wa umma. Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Kwa hiyo mama yako analipwa kwa kulalamikiwa." Darasa zima likacheka, na mwalimu naye akacheka kidogo akigeukia ubao. Mimi si mtu wa kujibu. Nikisimamishwa darasani viganja vinalowa jasho, na majibu mazuri yote yananijia nikiwa nimeshafika nyumbani, navua viatu. Ndiyo maana naandika.

Leo ni Jumatano, siku ya kazi, na mama yuko sebuleni anachagua mchele. Mchele huo aliuchagua jana. Sijamwambia.

Zamani mama alikuwa kwenye ofisi ya wakili wa kujitegemea hapa Singida mjini. Alikuwa na joho jeusi, na bibi kule Iramba alikuwa na picha yake ukutani akiwa amelivaa, kila mgeni lazima aonyeshwe. Halafu akaacha. Alinieleza mara moja tu, tukiwa tunafua. Alisema wateja wake wengi walikuwa watu wanaogombana wao kwa wao, shamba na shamba, mirathi na mirathi. Lakini walikuwepo wengine wakija wanakaa kwenye benchi, wanazungushazungusha kofia mikononi, na shida yao ni mtu mwenye ofisi. Amepigwa kofi na mwenye mhuri. Ameambiwa njoo kesho mpaka amezeeka. Hao hawakuwa na kesi ya kupeleka popote, walikuwa na uchungu tu. Nafasi ilipotangazwa kwenye ofisi ya malalamiko, akaomba.

Mjomba hakumsamehe. Mpaka leo akija kututembelea anasema, "Mtu unaacha joho unakwenda kuwa sikio. Ofisi yenyewe haina meno." Na ni kweli, ofisi ya mama haifungi mtu. Anamsikiliza anayelalamika, anamfuata anayelalamikiwa naye anamsikiliza, anakusanya ushahidi, anaandika mapendekezo, mapendekezo yanapanda juu. Wakubwa wakiyakubali, mtu anapata haki yake. Wasipoyakubali, mama anafungua jalada lingine. Mama humjibu mjomba kwamba kuna watu hawajawahi kupata hata hilo sikio, kisha anamwongezea chai ili anyamaze.

Nikiri kwamba nami nilikuwa upande wa mjomba. Nilitamani joho.

Kazi hiyo ina sheria zake, na moja mama aliishika kuliko swala. Hali wala hanywi kwa mlalamikaji, hali wala hanywi kwa mlalamikiwa. Akienda vijijini anabeba chupa yake ya chai, chapati na mayai ya kuchemsha kwenye kopo la plastiki, na anakula ndani ya gari wamekwisha kutoka. Watu wanaudhika. Huku kwetu mgeni akifika, kuku anakimbizwa kabla salamu hazijaisha, na ukisema umeshiba ni kama umesema nyumba inanuka. Mama alikuwa anaudhi watu mkoa mzima, Shelui mpaka Manyoni, na alikuwa anajua.

Likizo ya Juni alipangiwa kwenda kijiji kimoja upande wa Itigi. Dada wa kazi alikuwa amekwenda kwao, kwa hiyo akaomba ruhusa ofisini anibebe, anishushe Itigi kwa mama mdogo. Tulipofika, mama mdogo alikuwa ameondoka na treni kwenda msibani Tabora, simu haipatikani. Basi nikaendelea nao, mimi, mama na dereva wa ofisi. Dereva ni Mnyaturu, mtu mzima, mcheshi, anajua njia zote na koo zote. Mama ni Mnyiramba, Kinyaturu kinampiga chenga, kwa hiyo dereva ndiye pia humtafsiria.

Tulianza ofisi ya kata, kwa sababu hakuna mgeni wa serikali anayeingia kijijini bila kupiga hodi pale, hata kama aliyelalamikiwa ndiye mwenye hiyo ofisi. Na ndivyo ilivyokuwa. Mtendaji wa kata alitupokea vizuri mno. Soda zilikuwa zimeshapangwa mezani, baridi, zinatoa jasho. Mama akasema ameshakunywa chai. Mimi nilikuwa na kiu, nikaangalia sakafu.

"Wakili, wananchi wa hapa hawana shida," mtendaji alisema. "Ila wanapenda maneno. Chukua mgambo mmoja awaonyeshe njia."

"Njia dereva wangu anaijua," mama akasema. "Kwako nitarudi kesho, nikusikilize na wewe."

"Karibu sana. Soda zitakuwepo."

Malalamiko yenyewe yalikuwa hivi. Kijana mmoja mrina asali alikutwa porini siku ambayo kichaka kiliungua. Mgambo wakamkamata kwamba ndiye aliyewasha moto. Akawekwa kwenye chumba cha nyuma cha ile ile ofisi tuliyotoka, akapigwa nyayo na magoti mpaka akakubali. Walipomwachia hakuweza kusimama. Mama yake mzazi ndiye aliyelalamika. Alimtuma mtu mpaka Singida, maneno yakaandikwa, mama yangu akapewa jalada.

Tulimkuta yule kijana kivulini, ubavuni mwa nyumba, amekalishwa juu ya ngozi ya ng'ombe. Nilidhani nitamkuta mtu mkubwa. Alikuwa kama kaka wa mtu wa darasani kwetu. Miguu ilikuwa imenyooshwa mbele yake kama vitu alivyoazima, goti moja limegeukia ndani. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akavuta kanga akaifunika miguu kwa sababu yangu.

Waliokamatwa naye porini siku ile walikuwepo, wanaume watatu, mashahidi wenyewe. Mama akatoa karatasi, akaandika majina, akaomba waanze kueleza. Hapo bibi, mama wa kijana, akaja na maji ya kunawa. Nyuma yake binti amebeba ugali wa uwele, mlenda, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu.

"Asanteni sana," mama akasema. "Nimeshakula."

Bibi akabaki amesimama na jagi. Kisha akasema kitu kirefu kwa Kinyaturu, taratibu, bila hasira. Dereva akakohoa.

"Anasema, mtu asiyekula kwako ni mpita njia. Anasema, mambo ya nyumba hayaambiwi mpita njia."

Mama akaeleza sheria yake. Alieleza vizuri, namjua anavyoeleza, mkono mmoja juu ya mwingine. Akasema akila kwao, upande wa pili utasema amelishwa, na jalada litaharibika.

Mmoja wa wale wanaume, mwembamba, ana jino moja la mbele limevunjika, akauliza, "Kwa mtendaji umekunywa soda?"

"Sikunywa."

"Basi na huko hawajakuambia kitu."

Wakacheka wote, dereva pia. Lakini hawakuanza kueleza. Mama aliuliza swali la kwanza, wakajibu hatukumbuki. La pili, labda. La tatu wakaangaliana. Kijana alikuwa anaangalia matawi ya mti wa mnyaa uani. Kalamu ya mama ilikuwa juu ya karatasi yenye majina tu. Nilimwona akiangalia yale majina, akaangalia goti lililogeuka, kisha akafanya kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya tangu nizaliwe. Akanyoosha mikono, bibi akammiminia maji.

Alikula. Na mimi nikala. Mlenda ulikuwa mtamu, niseme tu.

Baada ya hapo hawakunyamazika. Yule mwenye jino alieleza nani alishika miguu na nani alishika fimbo, akasimama akaonyesha. Mwingine alivua shati tuone mgongo wake, ambao hakuwa ameutaja hata kwenye malalamiko. Wote wakatia dole gumba. Kijana alisema maneno machache kuliko wote. Alisema hataki mtu afungwe. Daktari wa wilaya alishamwambia magoti yananyooshwa hospitali kubwa, lakini yawahiwe, mifupa ikishakomaa hivyo ndiyo basi. Yeye anataka kuwahi tu. Mama akamwambia, mapendekezo yakikubaliwa, serikali ndiyo itakayomtibu. Hakuahidi. Alirudia neno "yakikubaliwa" mara mbili.

Tuliporudi kwenye gari mama alizipanga karatasi vizuri ndani ya jalada. Akasema, "Jalada limesimama." Usiku ule tulilala kwa mama mdogo, ambaye jirani yake alikuwa na ufunguo, na kesho yake mama akamsikiliza mtendaji, akakana kila kitu kama ilivyotarajiwa. Tukapita tena pale kijijini kuaga, kwa heshima, dakika chache, mama hakukaa sana. Kisha tukashika njia ya Manyoni.

Kwenye geti la maliasili gari zote zinafunguliwa nyuma, wanatafuta mkaa. Mlinzi akafungua letu. Akakaa huko nyuma muda mrefu.

"Asali hii ya nani?"

Mama akadhani anauliza gari lingine. Ikabidi ashuke. Chini ya turubai, pembeni ya tairi la akiba, kulikuwa na dumu la asali limefungwa mdomo kwa jani na kitambaa.

"Dereva," mama akasema polepole. "Hii imeingiaje?"

Dereva alikuwa anaangalia funguo zake. "Mama, bibi kaleta mwenyewe. Kaniambia weka, nikaweka. Ningemkatalia vipi bibi mzee? Nilijua nikikwambia utaishusha, naye ataona umemtupa. Nikasema nitakwambia tukifika Manyoni."

"Kwa nini Manyoni?"

"Kule mbali. Usingeweza kurudisha."

Mama aliomba tugeuze gari tukairudishe. Mlinzi akasema asali haina kibali, dumu linabaki hapo kama kielelezo. Akalipiga picha. Akapiga na namba ya gari. Akapiga na mama, amesimama pembeni ya dumu, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayeanza kusema kitu. Nilikuwa kwenye kiti cha nyuma, kwenye picha nimeonekana kipande cha bega.

Picha ilifika Singida kabla yetu. Sijui ilipita mikononi mwa nani, ila tulipoingia mjini mjomba alikuwa ameshapiga simu mara kadhaa. Ilikuwa kwenye makundi yote, na chini mtu ameandika: wakili wa malalamiko amelamba asali.

Ofisini walimtaka ajieleze kwa maandishi. Aliandika mezani kwetu, mimi nikifanya hesabu upande wa pili. Aliandika jinsi dumu lilivyoingia. Kisha akaandika kwamba alikula. Niliyasoma maandishi yakiwa kichwa chini.

"Mama, hiyo ya kula hawajakuuliza."

"Najua."

"Na dereva ndiye aliyeweka."

"Nimeshaandika kwamba dereva aliweka kwa sababu mimi sikumfundisha."

Nilitaka kumwambia kwamba huo ni ujinga. Nilitaka sana. Nikachonga penseli.

Wakamwambia akae nyumbani mpaka uchunguzi uishe. Asifike ofisini, asizungumze na mlalamikaji wala shahidi yeyote wa jalada lile. Jalada likapewa mwanasheria mwingine, kijana kutoka ofisi ya kanda. Dereva alihamishiwa kwenye gari la maji. Alikuja kumwomba mama msamaha, akalia mlangoni mtu mzima yule, nikakimbilia chumbani kwa aibu ya kumwona.

Shule ilipofunguliwa ilikuwa "Malalamiko, tuletee asali." Mtu aliniwekea nyuki aliyekufa ndani ya daftari. Sikula shuleni tena, nilikuwa nakaa nyuma ya maktaba mpaka kengele. Lakini hilo si kitu. Kitu kilikuwa nyumbani. Mama alikuwa anaamka, anaoga, anavaa nguo za kazi, halafu anakaa. Hata viatu anavaa. Mjomba akampigia akamwambia, si bora ungekula ukashiba ukanyamaza. Mama akaweka simu kwenye kochi, ikaendelea kusema yenyewe.

Siku moja nilimuuliza kama watamfukuza. Alisema pengine.

"Wanifukuze," akasema. "Maelezo yapo, madole yapo. Huyo mwenzangu lazima akawaulize upya ili isisemekane niliyanunua. Wakirudia tu yale yale waliyoniambia, imekwisha. Yule kijana atatibiwa. Mimi nitauza hata mafuta ya alizeti."

Alivyosema alizeti alicheka kidogo. Nikajua ndicho kitu pekee alichokuwa amekishika, kwamba watarudia. Na mimi nikakishika. Nilikuwa nasali kwa ajili ya wanaume watatu ambao hata sura zao zimeanza kunipotea, wakumbuke tu, waseme tu.

Jumamosi iliyopita geti likagongwa. Mama akachungulia dirishani, akarudi nyuma haraka kama ameungua.

"Ni wao. Siruhusiwi. Nenda wewe, sema sipo."

"Mama, mimi?"

"Nenda."

Alikuwa bibi, amevaa kanga mpya, na yule mwanaume mwenye jino lililovunjika. Walikuwa wamesafiri tangu alfajiri, vumbi limewakaa kwenye nyusi. Nikapiga goti nikamwamkia bibi, akanishika kichwa. Nikasema mama hayupo. Nilisema vibaya, nikiangalia mlango, kwa hiyo walijua yupo.

"Si neno," mwanaume akasema. "Tumeletwa na furaha tu. Mwambie mama yako tumemaliza."

"Mmemaliza nini?"

"Kesi yake. Alikuja mwingine juzi, kijana, na chupa yake ya maji. Hakula, hata hatukumkaribisha. Akatuuliza, mlipigwa? Tukasema hatukupigwa. Mliona? Hatukuona. Na mgonjwa je? Alianguka mtini akirina asali. Sote, neno moja. Hata mwenyewe mgonjwa."

Bibi alikuwa anatabasamu, anaitikia kwa kichwa kila neno.

"Kwa nini?" nikasema.

Akanieleza kwa upole, kama anavyoelezwa mtoto. "Si walisema mama yako amepewa asali kwa ajili ya malalamiko? Tukakaa kikao. Mgonjwa ndiye aliyesema, tukiyafuta malalamiko, asali inabaki kuwa ya nini? Inabaki asali tu, ya mgeni. Hapo hawana la kumshika nalo."

Mlango ukafunguka nyuma yangu. Mama alikuwa amesikia. Alitoka bila viatu, mara ya kwanza wiki zile kumwona bila viatu mchana.

"Shikamoo mama," akamwambia bibi.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Mlitia dole?"

"Tulitia," mwanaume akasema. "Kwenye karatasi zake zote."

Mama alikaa chini, pale pale kwenye kizingiti. Akafunika uso kwa viganja na mabega yakaanza kutikisika. Mimi nilijua analia nini. Sasa walikuwa wameandika kwa madole yao kwamba yale ya kwanza yalikuwa uongo, na uongo huo atasemwa ameutunga nani kama si yeye aliyeula ugali wao. Lakini bibi alidhani ni shukrani. Aliinama kwa shida, akawa anampapasa mgongo, anamwambia basi, basi, yameisha. Mama akanyanyua macho akaniangalia mimi juu ya bega la bibi, akatikisa kichwa kidogo sana. Nisiseme.

Hawakukaa. Walitaka kuwahi gari la Itigi. Nikawasindikiza mpaka barabarani, bibi amenishika mkono njia nzima. Mwanaume alikuwa mchangamfu, akaniambia nisome nami niwe wakili.

"Mama yako akisharudi ofisini tu," akasema, "tunaleta malalamiko upya. Safari hii tunamjia yeye mwenyewe."

Nilisimama. Watu walikuwa wanapita, na mimi kwenye watu sauti huwa hainitoki, lakini ilitoka.

"Na miguu yake?"

Yule mwanaume alikuwa ameshapunga mkono, gari linakata kona.

"Miguu itasubiri," akasema, akamshika bibi kiwiko ili apande.